Kilti Niliyoichagua Bila Kuuliza

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja nilipotoka Louisville kwa gari kwenda Buffalo, sampuli za vitambaa ziko kwenye kiti cha pembeni na moyo wangu hauna raha hata kidogo.

Nilikuwa na umri kama wako sasa. Nilifanya kazi ghalani, na nilikuwa nimemchumbia Ellen, msichana niliyekutana naye kanisani alipokuwa akisoma Louisville. Baba yake, mzee mjane wa Buffalo, ana asili ya Uskoti. Kwao mwanamume siku ya harusi huvaa kilti, yaani sketi nzito ya sufu yenye marinda nyuma. Usicheke. Mimi nilicheka, kisha nikaja kuivaa. Mzee alimtuma Ellen aniambie kwamba angefurahi kuniona ndani ya kilti, kwamba nichague kitambaa mwenyewe kati ya sampuli ambazo fundi wake angenitumia, na fundi huyo angeishona kwa vipimo vyangu.

Sasa tazama nilivyojitia matatani. Kitambaa cha kilti kina mirabaraba, na niliambiwa kila ukoo una mirabaraba yake. Sisi watu wa milima ya Kivu Kusini, ukitutajia ukoo usingizi unaruka! Nikivaa ya ukoo wa mkwe wangu, ndugu zangu watasema mimi ndiye niliyeolewa. Nikivaa ya ukoo mwingine, nitakuwa nimemkana mzee mbele ya kanisa zima. Na kumuuliza mwenyewe sikuthubutu. Kwetu kijana hamkabili baba mkwe. Msemaji wa familia ndiye anayezungumza, kijana anainamisha kichwa. Kila nilipofika Buffalo nilimsalimia mzee kwa sauti ndogo, halafu nikakimbilia jikoni. Nilidhani namheshimu.

Basi nikachagua sampuli yenye vurugu kuliko zote: kijani, buluu, nyekundu, mstari mwembamba wa njano, na rangi nyingine ambazo majina yake siyajui mpaka leo. Nilijiambia kwamba katika fujo ile hakuna atakayetambua ukoo wowote. Fundi alinionya kwa simu kwamba mirabaraba mipana vile ni kazi. Kila rinda sharti likunjwe mahali pake hasa ili mistari ikutane, na akishakata, basi. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia nitamjibu nikifika.

Kabla sijaondoka, Ellen akanipigia akilia. Baba yake amesema eti mimi simpendi, hata machoni simtazami, na kwamba hatamsindikiza binti yake kanisani kumkabidhi kwa mtu anayemkimbia.

Njiani nilipita Columbus kwa baba mkubwa, kaka wa marehemu baba yangu. Alikuwa na nyumba ya kupanga kule Northland, karibu na Morse Road, na ndiye aliyekuwa msemaji wetu katika mambo ya posa. Alinimiminia chai ya maziwa, akavaa miwani, akaigeuza ile sampuli huku na huku.

“Bon, iko nzuri,” akasema kwa Kiswahili chetu cha Kongo, na Kifaransa kidogo ndani yake. “Ule muzee anasema nini juu yake?”

“Sikumuuliza, baba. Ni mukwe.”

“Donc ulichagua nguo ya kujifichia?” Akaweka kikombe chini. “Heshima yetu naijua, njo mimi nilikufundisha. Lakini ule muzee hajue desturi yetu. Yeye anaona tu kijana mwenye kumukimbia. Wende, ukae mbele yake, umuangalie mu macho. Mimi musemaji wako nimekuruhusu.”

Mwanangu, neno hilo la mwisho ndilo lililonifungua. Nilikuwa nimebeba heshima kama mzigo, na aliyenitwika ndiye aliyenitua.

Nyumba ya mzee haikuwa mbali na Grant Street. Alinifungulia mlango, akasogea kando ili nipite kwenda jikoni kama kawaida yangu. Sikwenda. Niliketi mbele yake, nikamtazama na kumweleza yote: msemaji, ukoo, ile hofu yangu ya kuonekana nimeolewa. Nikasema moyoni, leo harusi imekufa.

Ndipo akacheka mpaka akakohoa.

“Mirabaraba ya ukoo wetu?” akasema. “Babu yangu aliichukua kwa sababu ndiyo iliyobaki dukani!”

Akavuta sampuli zote mezani. Yangu nilikuwa nimeichanganya humo na sikumwonyesha ni ipi. Akazipitia polepole, moja baada ya nyingine, kisha akaweka kidole juu ya ileile yenye vurugu.

“Hii,” akasema. “Sijui ni ya nani, lakini naipenda. Wewe je?”

Nilicheka na machozi yananitoka, nikaitikia kwa kichwa. Mzee akachukua simu, akampigia fundi. “Kata,” akamwambia. “Ila shona mbili. Mimi na mkwe wangu tutavaa sare.”

Wala hakujua kwamba kwetu, siku ya harusi, watu wa familia moja ndio wanaovaa kitambaa kimoja. Nilishusha pumzi ambayo naona nilikuwa nimeibana tangu siku ya posa.

Kwa hiyo mwanangu, wewe unayekaribia kuoa, nisikilize. Kitambaa kilikuwa kilekile, nilipojificha nacho na nilipokuja kukivaa kwa furaha. Kilichobadilika ni kwamba niliuliza. Usiiache heshima ya kwenu, ila mweleze mwenzako maana yake, maana asiyeijua ataiona kuwa dharau. Na pale desturi inapokufunga mdomo, nenda kwa mkubwa wako akufungue, usijifungie peke yako na hofu.

Mungu wa baba zetu akufungulie mlango wa wakwe zako, akupe ulimi mpole na macho yasiyokimbia. Na siku yako ikifika, akuvike sare pamoja nao.