Mpima Samaki wa Mkonze

Yudith Matonya alikitunza kinyongo chake vizuri kuliko vyombo vya harusi yake. Vyombo vilivunjika kimoja kimoja kama ilivyo kawaida ya vyombo, lakini kinyongo hakikupata hata ufa.

Alizaliwa Mkonze, kwa mfugaji, katika nyumba ambayo kitoweo kilikuwa mlenda siku za kawaida na mbuzi siku za wageni. Aliposema anakwenda chuo kusomea samaki, watani wake walimcheka mpaka wakachoka. Mgogo na samaki wapi na wapi? Atawaswaga kwa fimbo? Baba yake, Mzee Matonya, hakucheka. Mzee huyu alihesabu umri wa watoto wake kwa majina ya njaa, maana kwao kila njaa kubwa ilipewa jina lake na haikusahaulika tena. Aliuliza jambo moja tu.

"Ng'ombe namhesabu akiingia zizini. Huyo samaki usiyemwona utamhesabuje?"

Huo ndio ulikuwa usomi wenyewe, na Yudith aliupenda kuliko alivyowahi kumpenda mtu. Samaki hahesabiwi kwa macho. Unakaa pale mitumbwi inaposhushia, unapima urefu wa waliovuliwa, kutokana na urefu unapiga hesabu ya umri, na kutokana na umri unapata wangapi wanakufa kwa nyavu na wangapi wanabaki kuzaa. Vitabu alivyosomeshwa viliandikwa na watu wa bahari na maziwa makubwa, ambao maji yao yapo leo na kesho yatakuwepo. Yudith alitoka nchi ambayo maji hupungua huku unayatazama. Kwa hiyo katika shahada yake ya pili alipiga kambi kwenye bwawa la Chisamo, kusini mwa Dodoma, akatengeneza modeli yake mwenyewe iliyoingiza kina cha maji ndani ya hesabu ya samaki. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo kwa mabwawa yetu. Msimamizi wake alipoiona alisimama, akaenda dirishani, akarudi kuitazama tena.

Kazi ile ilitakiwa kusomwa kwenye mkutano wa wataalamu, na kwa kawaida aliyeng'ara pale alipata nafasi ya kusomea shahada ya uzamivu ng'ambo. Wiki ya mkutano, Yudith alikuwa wodini amejifungua mtoto wa kiume, Marko. Mwanafunzi mwenzake, Zablon, alikuja kumwona na mkate na maneno matamu.

"Dada, usihangaike. Wewe pumzika, nitawasilisha kwa niaba yako."

Akampa kila kitu, na asante juu. Makala ilipotoka, jina la mwandishi lilikuwa moja, la Zablon. Mwisho kabisa, kwenye shukrani, baada ya dereva, palikuwa na mstari huu: na Bi. Yudith, kwa kusaidia kupima samaki. Alikwenda kwa msimamizi wao kulalamika, na yule profesa aliyesimama dirishani akaangalia viatu vyake. "Achana nayo, binti," akamwambia. "Una mtoto sasa."

Zablon akapanda ndege. Yudith akaanza mada nyingine ya utafiti huku ananyonyesha, akamaliza kwa kuchelewa, akapata kazi ya takwimu katika ofisi moja ya uvuvi huko Area D, mjini Dodoma. Mtaani akawa Mama Marko, kama mwanamke yeyote aliyezaa. Waridi, muuza samaki wa Nkuhungu aliyemwekea perege wazuri kila Jumamosi, hakuwahi kumjua kwa jina jingine. Jina la Yudith lilibaki kwenye vyeti na kwenye ule mstari wa shukrani, ambao aliujua kwa moyo kama sala.

Miaka ikapita. Zablon alirudi akiwa Dokta, akapata ajira ya kufundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza sehemu za mwili wa samaki, kazi ambayo haimtoi mtu jasho. Hapo ndipo mradi mmoja wa mabwawa ya nyanda kavu ulipotangaza nafasi ya mtaalamu mkuu, wa kusema kila mwaka bwawa lipi livuliwe na lipi lifungwe. Zablon aliomba. Kwa kuwa makala ile ndiyo ilikuwa msingi wa mradi, waajiri wakaiuliza ofisi ya Yudith inamwonaje. Waliojua kisa walikaa mkao wa kula, wakisubiri amzike.

Yudith alimsifu. Alisema mbele ya jopo kwamba modeli hii ni ngumu, kwamba Tanzania nzima hakuna anayeweza kuieleza ila aliyeitengeneza, na kwamba itakuwa hasara kumwacha mtu wa namna hiyo afundishe mapezi na magamba. Hapakuwa na neno la uongo hata moja. Zablon alimpigia simu jioni hiyo.

"Dada Yudith, sikutegemea. Una roho nzuri."

"Kazi iende kwa mwenyewe, Dokta," akajibu.

Alijua anachofanya. Kumwangusha mtu aliyekaa chini kuna raha gani? Alitaka apande kwanza, afike mahali ambapo wenzake wote wangemwona, ndipo ile kazi aliyoiba imwulize maswali. Yeye mwenyewe aliomba kupelekwa kwenye mradi, chini ya Zablon, na kila Dokta alipomwita amsaidie kidogo na zile hesabu, alijibu kwa adabu, mikono ameifumbata, "Mimi ni mpima samaki tu, Dokta."

Tatizo lilikuwa mvua. Miaka ya mwanzo zilinyesha vizuri, Chisamo ikajaa, na modeli ikasema kilekile zilichosema nyavu. Zablon alibonyeza kompyuta, majibu yakatoka, akayasoma akiwa amevaa tai, watu wakapiga makofi. Ili aumbuke ulihitajika ukame. Na hapa pana jambo ambalo Yudith hakumwambia hata mumewe. Kanisani Mkonze, Desemba, waumini waliposimama kuomba mvua, na mama yake mwenyewe analia kwa ajili ya mtama uliochipua ukanyauka, yeye alisimama nao, akainamisha kichwa, na kwenye Amina akafunga mdomo.

Mvua ilikosekana. Ikakosekana na mwaka uliofuata.

Mkutano uliitishwa katika ukumbi wa kijiji kando ya bwawa. Mwenyekiti alikuwa Mama Erica kutoka wilayani, aliyetakiwa kuondoka na uamuzi mmoja: bwawa lifungwe au libaki wazi. Zablon aliweka michoro yake ukutani, akasema modeli inashauri kufunga kwa sababu samaki wazazi wamekaribia kwisha. Mzee Abdulwahab, kiongozi wa wavuvi, akanyanyuka taratibu.

"Dokta, mimi sikusoma. Lakini mwezi huu tumepata samaki kuliko mwezi kama huu mwaka juzi, bwawa lilipokuwa limejaa. Mashine yako inasema wamekwisha. Nani anadanganya, nyavu zetu au mashine yako?"

Swali ndilo hilo. Yudith, aliyekaa kiti cha nyuma na ubao wake wa kupimia, alihisi raha ikimpanda mwilini kama chai ya moto asubuhi ya Juni. Zablon alitazama michoro. Akaitazama tena. Akasema mambo ya ukomo wa takwimu, akasema kila modeli ina mapungufu, jasho likalowesha kola.

"Labda Bi. Yudith atufafanulie upande wa vipimo," akasema.

"Mimi nilisaidia kupima samaki tu, Dokta. Uliandika mwenyewe, mwishoni kabisa."

Mama Erica akasema kama mtaalamu mwenyewe hana uhakika, basi hana sababu ya kuwanyima watu riziki, bwawa libaki wazi. Akashika kalamu. Yudith alijua maana yake. Mwezi mmoja zaidi wa nyavu na perege wazazi wangekwisha wote, na mvua zikirudi zingejaza bwawa tupu. Alijua, na akanyamaza. Tusimpambe: siku ile angeiacha Chisamo ife na kila kilichomo, mradi Zablon asimame pale mbele bila jibu.

Zablon alishuka mpaka kiti cha nyuma, akainama. "Dada, nakuomba. Wataliua bwawa."

"Sema ni ya nani."

"Niseme hapahapa, tafadhali."

"Kule mbele. Kwa sauti."

Akarudi mbele. Akavua miwani, kana kwamba bila kuwaona watu nao hawatamwona. Akasema modeli si yake, ni ya Yudith Matonya, aliitengeneza akiwa mwanafunzi, na yeye Zablon aliichukua wakati Yudith yuko wodini.

Dakika ile Yudith alikuwa ameiota miaka yote. Katika ndoto hiyo ukumbi ulishtuka, watu wakashika vichwa, mwanamke mmoja akalia. Pale Chisamo mtu mmoja alikohoa. Mzee Abdulwahab akakuna shingo.

"Sawa," akasema mzee. "Lakini binti yangu, hatukuuliza ni ya nani. Tumeuliza bwawa lifungwe au lisifungwe."

Hata kicheko hakikuwepo. Walikuwa wakimsubiri tu, kama unavyomsubiri mtu atafute ufunguo. Yudith alisimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mwaka juzi maji yalifika wapi?"

"Pale kwenye mgunga."

"Na leo?"

Mzee alitazama nje ya dirisha. Mgunga ule ulikuwa mbali na maji, mbuzi wamelala chini yake.

"Samaki hawajaongezeka, mzee. Nyumba yao imepungua, wamebanana, ndiyo maana mnawazoa. Mnachozoa ni wazazi. Lifungwe mpaka mvua zirudi na watoto wao wakue."

Mama Erica aliandika, na bwawa likafungwa. Wavuvi walitoka nje bila kumuaga mtu.

Zablon alihamia chuo kingine kabla ya mwaka kwisha. Makala yake bado ipo, yeyote anaweza kuifungua na kukuta dereva ameshukuriwa kabla ya Yudith. Nafasi ya mtaalamu mkuu akapewa Yudith, akapata ofisi na feni. Aliporudi Mkonze na habari hiyo, Mzee Matonya aliuliza kama samaki sasa wanahesabika.

Jumamosi moja akaenda Nkuhungu kwa Waridi. Meza ya samaki ilikuwa tupu, imefutwa kwa kitambaa, na pembeni pana rundo dogo la dagaa wakavu.

"Perege hakuna, Mama Marko. Ni Yudith."

"Yudith gani?"

"Si hii njaa. Wavuvi wa Chisamo ndio walivyoiita, sasa mji mzima tunaiita hivyo. Mwanangu wa mwisho nimemwachisha shule kipindi hiki cha Yudith." Waridi alipepea inzi. "Ni mwanamke mmoja wa ofisini, ndiye aliyelifunga bwawa. Hata sura yake siijui. Lakini jina lake nitakufa nalo."

Yudith alisimama pale, pochi mkononi. Akaomba apimiwe dagaa, akalipa.

"Karibu tena, Mama Marko," Waridi akamwambia.