Maneno Niliyobaki Nayo

Nakumbuka siku niliyojisifu kwamba nimemponya baba mkwe wangu. Nilikuwa jikoni nachambua mchicha, nasikiliza chumba chake kilivyotulia, nikasema moyoni: haya, kikohozi kimekwisha. Mwanangu, nimekosea mengi maishani, lakini kosa kama lile sijalirudia.

Ulikuwa wakati wa Mwingereza, nami nilikuwa mke mpya hapa Kang'ata. Baba mkwe, ambaye jina lake silitaji hata leo kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya mkonge Korogwe, chumba cha kusafishia nyuzi, penye vumbi la kukata pumzi. Alirudi nyumbani na kifua kilichojaa. Mume wangu naye alikuwa huko huko mkongeni, na mama mkwe alikwenda msibani Mashewa. Tulibaki wawili tu, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwetu mke wa mwana hamtazami mkwe wake usoni, haingii alipolala, na neno la maana humfikishia kwa kupitia mtu mwingine. Sasa mtu mwingine yuko wapi?

Nikaosha chupa yangu vizuri, maana siku hizo ulikwenda zahanati na chupa yako, nikatembea hadi kwa dresa, ndiye mganga wa zahanati siku hizo. Alikuwa mtu mkavu, hana mzaha.

"Hii inalainisha makohozi," aliniambia. "Atakohoa zaidi mwanzoni, mwache akohoe, ndiyo yanatoka. Kijiko kimoja cha chai asubuhi, mchana na jioni, na maji ya vuguvugu kwa wingi. Kama anayo dawa ya kuzuia kikohozi, asiinywe pamoja na hii. Umesikia, binti?"

"Nimesikia, bwana dresa."

Nilisikia kweli. Nilipofika nikaweka chupa na kijiko kizingitini, nikageuza uso, nikasema, "Baba, dawa hiyo," nikakimbilia jikoni. Jirani aliyeniona alinisifu kwa adabu, nami nikavimba kichwa.

Sikujua kwamba mzee alikuwa na kichupa kingine chini ya mto, cha kunyamazisha kikohozi, alichonunua dukani Korogwe. Dawa yangu ilipomfanya akohoe zaidi alidhani ugonjwa umezidi. Nani alimwambia vingine? Akapiga funda kubwa ili imalize kazi haraka, kisha akanywa na kile kichupa apate kupumzika. Kesho yake mchana ndipo pakawa kimya, nami nikawa najisifu na mchicha wangu.

Kisha nikasikia mkoromo. Haukuwa wa usingizi. Ulikuwa mzito, wa maji maji, na kikohozi hakuna. Nikasimama mlangoni nikaita, "Baba!" Hakuitika. Niliogopa, na aibu pia nilikuwa nayo, nisikufiche. Nikaingia. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi, na macho hayafunguki vizuri. Nikamwinua nikamkalisha, mkwe wangu mikononi mwangu, nikapiga kelele mpaka majirani wakajaa. Wanaume walimbeba na kitanda chake hadi zahanati. Mimi nilifuata nyuma na chupa zote mbili, yangu na ile niliyoikuta chini ya mto wake, na hilo ndilo jambo pekee la akili nililofanya siku ile.

Dresa alinusa chupa, akaelewa. Alimkalisha wima, akamzuia asisinzie, akamgongagonga mgongo kwa viganja. Tulingoja sana. Hatimaye mzee akakohoa, akatema, akakohoa tena. Nililia kwa furaha mbele za watu.

Dresa akanigeukia. "Nilikwambia nini jana?"

Nikamtajia yote, sikuacha hata neno.

"Na yeye ulimwambia?"

"Nilimwambia, 'Baba, dawa hiyo.'"

"Basi ulimpelekea chupa tu," alisema. "Dawa ulibaki nayo wewe."

Mwanangu, leo dawa hizi zinauzwa kila duka, tamu kama sharubati, na watu wanazimimina kooni kama sharubati. Usifanye hivyo. Ya kulainisha makohozi na ya kuzuia kikohozi usizichanganye, kwa maana moja inafungua na nyingine inafunga, na katikati yupo mtu anayetafuta pumzi. Fuata kipimo kilichoandikwa, kwa kijiko kile kile, na unywe maji. Mtoto mdogo au mwenye mimba usimpe ya mtu mwingine, muulize mganga wa hospitali kwanza. Ukiona damu, homa kali, pumzi inabana, au kikohozi kimepita wiki mbili, achana na chupa, nenda ukapimwe. Na ukitumwa dawa ya mtu, mfikishie na maneno yake, hata kama unamwonea haya.

Mzee alipona. Nilipompelekea dawa tena niliiweka kizingitini, mazoea yana taabu. Akaniita kutoka ndani: "Mwanangu, ingia uniambie alivyosema." Nikaingia, macho chini, nikamwambia yote mpaka mwisho. Aliishi hadi akawabeba wanangu mgongoni.

Nawe Mungu akupe kifua chepesi na umri mrefu, na siku uhai wa mtu utakapongoja neno lako, akupe ujasiri wa kuvuka kizingiti.