Mwozeni Afike Mbali

Spesiosa alikijua Kiswahili cha sokoni, na sokoni kuoza ni kuoza: dagaa walionyeshewa kabla ya kukauka, muhogo uliosahauliwa majini. Vita vilipozuka alikimbia kwao Makamba na mtoto mgongoni, mumewe hakuvuka mpaka. Ng'ambo, kijijini Simbo, alipokelewa na shemeji yake Habonimana, mkimbizi wa zamani, wa mwaka wa sabini na mbili, aliyekwisha kujenga nyumba ya bati. Tangu hapo alikula kwa jasho lake na kulala kwa hisani, na hisani ya ndugu nayo ina meno.

Kazi yake ilikuwa kuvundika mihogo michungu. Aliilaza dimbwini mpaka ilainike, akaianika, akaitwanga, kisha unga akaupeleka sokoni Bangwe kuuza. Ada ya binti yake Aurore ilitoka humo.

Kwa hiyo alipomsikia Aurore, aliyekuwa kidato cha tatu, akikariri kwamba neutroni ikitoka nje ya kiini huoza, aliuliza ni shule gani hiyo inayofundisha uozo. Aurore akacheka, akaeleza kama mwalimu Samson alivyoeleza darasani. Vitu vyote vimejengwa kwa chembe zisizoonekana, na kila chembe ina kiini. Neutroni ikiwa humo ndani na wenzake hutulia. Ikitolewa nje, haikawii, inaoza. Ila kuoza huko hakunuki.

"Haipotei, mama. Inaachia chembe nyepesi, yenyewe inakuwa kitu kingine."

Hilo Spesiosa alilielewa kwa mikono yake. Muhogo wake nao uliingia majini una sumu, ukatoka chakula. Neno likamkaa moyoni, na akina mama wakimbizi wakipenda neno hawalipumzishi: kwake sasa mtoto aliyesoma alikuwa mtoto aliyeoza. Leonia, Muha wa pale Simbo aliyevundika naye mihogo, alichoka kumwambia asiseme hivyo mbele za watu.

Ndipo wakaja wageni. Habonimana alisema tu kwamba Feliksi, mnunuzi wa dagaa kutoka Tabora, anakuja na mzee wake kuzungumzia maisha ya mbele ya Aurore. Spesiosa alidhani amepata mfadhili wa shule. Angedhani nini? Kwao Makamba posa huja na mtungi wa urwarwa, pombe ya ndizi, na msemaji anayezunguka maneno mpaka jua linakuchwa. Hawa walileta sukari na kitenge, wakakaa, wakanywa chai.

Mzee wa Feliksi akamgeukia Spesiosa. "Mama, umeridhia tumwoze Aurore?"

Moyo wake ulijaa. Wageni wenye elimu, nao wanalijua lile neno.

"Nimeridhia," alisema. "Mwozeni afike mbali."

Walipiga makofi. Mzee akatania kwamba Tabora si mbali kiasi hicho, na Spesiosa akacheka pamoja nao, masikini, kwa furaha yake yote.

Kesho yake dimbwini alimsimulia Leonia. Leonia aliacha muhogo ukazama.

"Spesi, kumwoza mtoto ni kumpa mume."

Spesiosa alikaa pale pale kwenye tope. Aliona aibu, kisha hasira, kisha woga uliozishinda zote mbili, kwa kuwa aliyemtoa Aurore hakuwa shemeji wala Feliksi. Ni yeye, kwa kinywa chake.

Alikwenda moja kwa moja kwa Habonimana, akamwambia kwa Kirundi kwamba alikosea neno. Shemeji hakupandisha sauti. Alisema maji yakimwagika hayazoleki, watu wamesikia, na yeye hatatiwa aibu na mtu anayelala chini ya bati lake. Aurore aolewe, au wote wawili watoke.

Spesiosa alirudi chumbani akaanza kukunja mkeka. Kitenge cha Feliksi alikiacha juu ya kigoda. Zaidi ya sakafu ya jiko la Leonia hakuwa na pa kwenda, na baada ya hapo labda kambini, ambako shule ilikuwa ya bahati. Alifunga mzigo kwa kamba.

Aurore alisimama mlangoni na sare yake ya shule. "Mama, tukitoka humu tutakuwaje?"

"Si ulinisomea mwenyewe?" Spesiosa alijitwika mzigo. "Beba vitabu vyako, twende tukaoze."