Ulimi Yangu mu Lunette ya Chef

Mutoto yangu, ikala hapa, na uanze kucheka sasa hivi, sababu hii habari inanionesha mujinga tu. Minye siko muzee. Ndevu yangu iko sita, nilizihesabu. Lakini mu kazi ya kupima udongo, mipaka na njia, mwenye kukutangulia njo muzee yako, na leo ni siku yako ya kwanza. Basi sikia.

Nakumbuka vile tulianzaka, minye na Mutombo, rafiki yangu wa masomo, siku ileile, na mupanga moja kwa bantu mbili. Hii kazi iko na ngazi. Chini kabisa unakata majani, njia inyooke. Kiisha unavuta chaîne, ile munyororo ya kupimia. Kiisha banakupatia mire, ile libao murefu ya namba: unaisimamisha wima kule mbali, mwenye kuangalia mu lunette, ile darubini ya miguu tatu, anasoma. Kiisha carnet, unaandika namba. Kiisha lunette yenyewe. Na kule juu kabisa, géomètre, mwenye kutia saini ku ramani, na kiti yake ya kukunja.

Tulipanda pamoja mpaka ku mire. Hapo Chef Ilunga, mukubwa ya kundi yetu, akasema: « Mutombo, kamata lunette. Tunapima njia ya mufereji ya mashamba, kule Kapolowe. Utatoka ku jiwe ya alama, utazunguka, utarudi ku jiwe ileile. Kama namba ya kimo ya ile jiwe inarudi vile ilitoka, nafasi ni yako. Kama hairudi, unarudi ku mire. »

Ah, mutoto yangu! Wivu haipigake hodi. Ku masomo ya primaire nilikuwaka wa tatu, Mutombo wa nane! Sasa yeye chini ya parasol, minye mu jua. Yeye kalamu ku sikio. Ku njia bamama banamuamkia « Citoyen topographe », na minye banauliza: « Weye, ile libao unaiuzisha? » Hata bukari tukikula, niliona donge yake mukubwa kuliko yangu.

Nikasema mu roho: lunette ni yake, lakini mire iko mu mukono yangu. Siku tatu, mara moja moja, niliilalisha kiloko nyuma, ku bega, sawa muntu mwenye kusinzia. Ikilala, namba inapanda. Na kila mara nilimutolea Mutombo ulimi, murefu, mpaka ku kidevu. Niko hatua makumi sita, ataniona na nini?

Siku ya tatu tukarudi ku jiwe. Chef akajumlisha carnet. Namba haikurudi. Nikakohoa juu nisicheke.

« Mutombo, nini hii? »

« Chef, kosa ni ya minye. Turudilie. »

Haya haikunikamata. Nilisikia utamu, sawa sukari ya kuiba.

Asubuhi tukaanza tena. Nikasimamisha mire, nikailalisha, nikatoa ulimi. Kule mbali muntu akainuka nyuma ya lunette. Akainuka, akainuka tena. Mutombo ni mufupi. Haikuwa Mutombo.

Chef alitembea polepole mpaka kwangu, Mutombo nyuma yake. « Citoyen, » akasema, « ulimi yako ni nyeupe. Uko na malaria, ao uko na roho mubaya? »

Akanikamata shati, akanivuta mpaka ku lunette, akaniinamisha kichwa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuangalia mule. Kule mbali Mutombo alikamata mire mu nafasi yangu. Ile lunette ya zamani inageuzaka bintu: nikamuona kichwa chini, miguu juu. Lakini karibu! Niliona jasho ku pua, kifungo yenye kukosekana ku shati. Mire wima, haitikisike. Kumbe siku tatu yote minye nilikuwa mbele ya uso yake, na ulimi inje!

« Huyu anaenda kwao leo, » Chef akasema.

Mutombo alikuya mbio. « Chef, nakuomba. Kidole moja haiuwake chawa. Mumurudishe ku mupanga, asifukuzwe. »

Nilikata majani miaka mbili. Leo niko ku carnet, na mwenye kunisomea namba ni Mutombo. Wivu? Iko, inakuyaka. Naipatia kiti, lakini siipatie mire.

Basi, mutoto yangu, shauri yangu njo hii. Mwenye kukupita ku ngazi, umuangalie vile anakanyaga. Usitikise ngazi, maana na weye uko juu yake. Simamisha mire wima hata kama mwenye kusoma ni adui yako: maji ya mufereji haitauliza nani alikuwa na wivu. Mungu akunyooshee mugongo, mukono yako isitetemeke, na akupatie rafiki mwenye macho ya kuona na kinywa ya kungojea.

Na ile siku ya kukamatwa, tukirudi kwetu Likasi, nilimuuliza Mutombo: « Uliniona tangu lini? »

« Tangu siku ya kwanza. »

« Na juu ya nini haukusema? »

Akaangalia chini, akacheka kiloko. « Ndugu yangu, mu lunette ulikuwa kichwa chini. Nilingojea ugeuke weye mwenyewe. »