Mama Alipopanda Paa

Miezi michache baada ya baba kufariki, upepo uling'oa mabati mawili ya nyumba yetu huko Matungu. Kwetu inasemekana mwanamke akipanda paa analiletea boma msiba, kwa hiyo mjane humwomba shemeji yake amsaidie. Mama alimwomba baba mdogo. Hakukataa, alisema tu kwamba angepigilia mabati hayo siku ambayo mama angekubali kurithiwa naye.

Tulilowa kwa majuma kadhaa. Asubuhi moja mama alivaa suruali ya baba, akaazima ngazi kwa jirani, akaniambia niishike imara. Wanawake waliokuwa wakipalilia miwa waliacha majembe wakaja kutazama. Baba mdogo naye akafika akihema.

"Shemeji, shuka! Unataka kutuua?"

Mama alitoa misumari mdomoni. "Mkifa kwa sababu ya bati, basi mlikuwa wagonjwa tangu zamani."

Wanawake waliangua kicheko. Mmoja akapaza sauti, "Gonga, dada! Gonga tusikie!"

Bati la kwanza lilikaa upande. Alilibandua, akaanza upya, wala hakutazama chini hadi alipomaliza.

Alasiri mvua ilishuka kwa fujo, kama inavyonyeshanga kwetu. Baba mdogo, aliyekuwa bado uwanjani akibishana na majirani, alikimbilia ndani pamoja nasi. Mama alimsogezea kiti katikati ya chumba, akammiminia chai.

"Karibu, shemeji," alisema. "Keti popote. Hapavuji."