Walinyamaza nilipoandika, wakaja juu waliponisikia sokoni

Msomaji wetu huyu yuko Kasese, Uganda. Jina lake tunabaki nalo sisi. Msomeni hadi mwisho kabla ya kumjibu.

Habari zenu wote. Admin, nifichie jina, si kwa ajili yangu. Wanaonijua watanijua tu, na siwaogopi. Ni kwa ajili ya mama mmoja mtakayemsikia humu ndani.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, mjane, nina watoto wawili. Baba yangu alikuwa mwanajeshi, nikakulia kambini kwenye lugha ya askari, ndiyo maana Kiswahili kiko mdomoni mwangu kuliko lugha nyingine. Niliolewa na mwalimu, mtu wa upande wa Bwera, mpole, tukapendana. Akaugua, akafa. Kabla udongo wa kaburi haujakauka, mdogo wake, yaani shemeji yangu, aliniita mbele ya wazee wa ukoo akasema mimi na shamba la kahawa sasa tuko chini yake. Nikamwambia kahawa haina mdomo wa kukataa, lakini mimi ninao, na sitaki. Shamba wakachukua. Mimi nikafunga nguo, nikashika watoto wangu, nikaja kupanga chumba hapa Kasese mjini. Naishi kwa kushona.

Uchungu ule niliuandika. Nilifungua blogu kwenye simu, nikawa naandika kwa Kiingereza habari za wajane: wa Maliba, wa Kisinga, na yangu pia. Waliosoma walikuwa watu wa mbali. Wananiandikia "pole sana", basi. Huku kwetu hakuna aliyesoma, na shemeji alipoambiwa alicheka tu.

Siku moja nilikwenda Mubuku kumsikiliza mjane mmoja anayelima nyanya kwenye kipande cha kukodi. Nikamwonyesha niliyoandika juu yake. Akashika simu, akaigeuza, akanirudishia.

"Dada, hii maneno yako iko mzuri," akasema. "Lakini unaandikia nani? Mimi sijui kusoma Kizungu. Hata ule mwenye alininyang'anya shamba hawezi kusoma. Sasa inasaidia nani?"

Nilirudi nyumbani nimenuna, kwa sababu alisema kweli.

Nikaamua yale maandishi yawe video. Kamera sina, nina simu ya mitumba yenye kioo kilichopasuka. Niliiegemeza kwenye jerikeni, nikaizuia kwa mfuko wa maharage isianguke. Mwanga ni wa mlangoni. Dirishani nilitundika blanketi ili kelele za boda boda zisiingie. Video ya kwanza nilisoma chapisho zima, neno kwa neno, hata mimi mwenyewe nikasinzia. Ndipo nikajifunza: chapisho moja nilikate vipande vitatu, kila kipande kibebe jambo moja, na nisisome, niongee kama naongea na jirani. Sura za watu sikuonyesha. Nilipiga picha za mikono, majembe, kahawa ikianikwa, mlango uliofungwa, nikaweka sauti yangu juu yake. Kiswahili kwanza, kisha rafiki yangu akaisema kwa Lhukonzo, lugha ya huku kwetu.

Kuzipandisha mtandaoni kulikuwa kunanimalizia bando. Nikampelekea jamaa wa sokoni Bwera anayewawekea watu nyimbo kwenye memori kadi. Akaziweka pamoja na nyimbo. Jamani! Wanawake wakawa wanasikiliza wakiuza ndizi.

Hapo ndipo shemeji alipofika kwangu, na wazee wawili nyuma yake.

"Wewe mutoto wa kambi," akasema akiwa bado amesimama mlangoni, "ulipoandika hatukusema kitu. Sasa sauti yako inalia kwa soko kama redio! Futa hiyo maneno leo, na uombe ukoo musamaha."

"Karibuni mkae," nikasema. "Nitajie uongo mmoja niliosema. Mmoja tu, nitafuta zote mbele yako."

Akaninyooshea kidole.

"Mwanamuke hawezi kutangaza maneno ya nyumba yetu!"

"Basi iwe nyumba isiyo na maneno ya kuficha. Sifuti."

Wakaondoka wakiapa kwamba watoto wangu hawatapata hata mche mmoja wa kahawa. Kesho yake nilirekodi nyingine.

Wiki iliyofuata akaja mtu ambaye sikumtegemea: mama mkwe wangu. Mzee, miguu inamuuma, amepanda teksi peke yake kutoka Bwera. Nilimpa chai, hakuigusa.

"Washa hiyo kitu," akaniambia. "Na mimi niko na maneno."

Nikawasha. Akasimulia kwamba mume wake wa kwanza, baba wa marehemu mume wangu, alipokufa, ukoo ulimkabidhi yeye kwa ndugu wa mumewe, kama mbuzi anavyokabidhiwa mtu. Huyu shemeji yangu alizaliwa katika ndoa hiyo.

"Huyu mutoto ninamupenda," akasema, machozi yakimtoka. "Hana kosa ya kuzaliwa. Lakini hakuna mutu aliniuliza. Mpaka leo, hakuna mutu aliniuliza."

Nilipozima nikamwambia nitaficha sura yake. Akakataa katakata. "Miaka yote nimefichwa. Weka sura yangu. Wanione."

Sasa ndugu zangu, msiniambie nifute zangu, hilo limeshapita. Video ya mama ninayo. Nikiiweka na sura yake, mwanawe anaweza kumfukuza kwenye nyumba anayolala, na mimi nina chumba kimoja tu, ingawa nimeshamwambia atalala kwenye kitanda changu. Nikificha sura yake, nitakuwa na mimi nimemwamulia bila kumsikiliza, kama walivyofanya wao. Yeye ananipigia simu kila Jumapili baada ya ibada: "Umeweka?" Sijui nimjibu nini. Niiweke kama alivyotaka? Nyinyi mngefanya nini? Nishaurini.