Jina Nililovalishwa Ziwani

Mtaa mzima wa Makanyagio, hapa Mpanda, unaamini kwamba mimi nilizaliwa nikiwa nimekaa. Wateja wangu wanaelekezana hivi: nenda kwa yule dada wa cherehani, usipomkuta barazani subiri, ameenda chooni. Sikatai. Nyuzi naletewa na bodaboda kutoka dukani, na duka lenyewe liko karibu kiasi kwamba nikipiga kelele mwenye duka anaitika. Kikao cha ukoo kikiitishwa Kasokola, mimi nauliza kama hakiwezi kuhamia kwangu, nitapika.

Lakini sikuzaliwa hivyo. Nilihukumiwa. Na mtu aliyenipatisha hiyo hukumu alikuja likizo ya mwezi wa sita, mwaka juzi, na gari lake kutoka Dodoma, akapiga honi mbele ya nyumba ya mama, akatoa kichwa dirishani na kusema, "Mlinzi! Bado upo macho?"

Huyo ni kaka yangu. Ananizidi miaka mitatu na kilo arobaini.

Hilo jina nililipata nikiwa na miaka tisa. Baba yetu, aliyekuwa seremala, alitupakia kwenye lori la rafiki yake tukaenda Kapalamsenga kumsalimia baba mdogo, ambaye alikuwa na shamba la muhogo na nusu ya mtumbwi. Nusu nyingine ilikuwa ya shemeji yake. Mchana tukashuka ziwani kuoga. Baba akavua saa yake ya mkononi, ile ya kutia ufunguo, akaisukuma ndani ya kiatu, kiatu akakifunika kwa shati, akaniambia, "Wewe linda hapa." Akaondoka na baba mdogo kwenda kuangalia mitumbwi.

Nikalinda. Kaka akaja, akaitoa saa kiatuni, akaivaa, akaingia nayo majini ili watoto wa pale wamwone mtu wa mjini. Nikamwambia, "Nitasema." Akaniambia, "Sema." Alipotoka, mkono ulikuwa mtupu.

Baba aliporudi, kaka ndiye aliyewahi kufungua mdomo. "Alilala, baba. Kuna watu wamepita wakachukua." Nikasema ukweli. Tatizo ni kwamba ukweli wangu ulikuwa na kwikwi na kamasi, na uongo wa kaka ulikuwa umenyooka kama umepigwa pasi. Baba akanichapa kwa kulala. Mama akanichapa tena kwa kumsingizia kaka yangu. Jioni yake kaka akaniita Mlinzi, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, na mambo yakaishia hapo, kwao.

Kuanzia siku hiyo kila safari ya familia baba alisema, "Huyu abaki alinde nyumba, labda usingizi umemwisha." Walikwenda Ikola bila mimi. Walikwenda harusini Sumbawanga bila mimi, wakaniletea biskuti zilizolainika. Mtu ukiachwa na kuku miaka yote hiyo unaanza kujua kila ufa wa ukuta, na mwishowe unaupenda. Siku walipokuja kuniambia haya sasa, twende, miguu ilikuwa imeshasahau. Baba naye amekufa akiniita vile vile. Wiki yake ya mwisho alinituma maji: "Mlinzi, usilale njiani." Alikuwa anatania. Nikacheka. Kile kicheko sijakimeza mpaka leo.

Msinione mpole. Kisasi nimekifanya kwa vipande vidogo vidogo, kama mtu anayekula muwa. Kaka alipooa nilimshonea shati la zawadi, shingoni nikapunguza kidogo tu, akakaa ukumbini mchana mzima uso umemjaa damu na kila mtu akisema ni furaha. Akija likizo namtandikia kitanda chenye chaga iliyolegea. Lakini hayo yote ni mchezo. Nilichokitaka ni kimoja: aseme kwa mdomo wake, mbele ya mama, mama akiwa bado anasikia vizuri. Na mama anaelekea miaka themanini.

Kwa hiyo kaka alipotangaza kwamba safari hii anatupeleka wote Kapalamsenga, watoto wakaione milima na ziwa, na akaongeza, "Mlinzi najua atabaki," mimi nikasema, "Naenda."

Mama aliacha kuchambua mchicha. "Unaenda wapi?"

"Ziwani."

"Unaumwa?"

Usiumie moyo kwa ajili yangu, msomaji. Wiki nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya hotuba huku nakanyaga cherehani. Hotuba ilianza na "Mama, mbele yako na mbele ya wajukuu zako," ikaendelea vizuri sana mpaka kwenye neno "dhuluma," ambapo kila mara uzi ulikatika.

Siku ya safari tukajipanga. Kaka kwenye usukani, mama mbele. Nyuma tukakaa wifi yangu, mabinti zao wawili, na mimi. Barabara ilikuwa vumbi tupu, nyasi pembeni zimekauka, sehemu nyingine zimeshachomwa. Mara mbili tulisimama kupisha ng'ombe wa jamaa zetu wafugaji waliohamia kutoka kaskazini, wale ng'ombe wasiosikia honi wala matusi. Kwenye kona za kushukia ziwani tumbo langu likakumbuka kwamba lina miaka mingi halijasafiri.

"Kaka, simama."

"Vumilia, Mlinzi, hapa ni mteremko."

Nikatapika kwenye kofia yake. Ile ya majani makavu, pana, aliyoinunua maalumu kwa ajili ya kupigia picha ziwani. Pembeni ya kofia kulikuwa na mfuko mtupu. Niliuona.

Wifi akacheka mpaka machozi. "Baba watoto, kofia imepata mwenyewe!"

"Hii si bahati mbaya," kaka akasema, ananiangalia kwenye kioo.

"Jamani, mgonjwa," nikajibu kwa sauti ya kufa.

Tulipofika, hotuba ilikuwa imetoka pamoja na chai ya asubuhi. Sikubakiwa hata na ile "Mama, mbele yako." Tulipata nafasi ufukweni karibu na kina mama waliokuwa wanaanika dagaa kwenye vichanja. Nyuma yetu milima ilikuwa imesimama karibu kabisa, kama watu wanaosikiliza mlangoni. Kaskazini mingine ilizidi kuwa ya bluu kadiri inavyokwenda mbali, kuelekea Mahale. Ng'ambo, Kongo, hakukuonekana kitu, kulikuwa na ukungu wa moshi. Mama alinunua samaki wawili wakubwa, kuhe, akakaa kwenye kigoda cha mwenyeji mmoja, akaanza kukwangua magamba. Mimi nikakaa karibu naye, kazi ninayoiweza.

Kaka hakuchukua muda. Akawaita mabinti zake, akaoneshea ufukwe kwa mkono mzima kama mtu anayegawa viwanja.

"Ni hapa hapa. Shangazi yenu aliambiwa alinde saa ya babu. Jua kali, upepo mtamu, Mlinzi akaweka kichwa chini. Krrrr! Wezi wakaja, wakamruka, mmoja akamkanyaga hata mguu, wapi!"

Mwizi wa kunikanyaga mguu alikuwa mpya. Kila mwaka hadithi inaongezwa kiungo.

Mabinti wakacheka. Mama naye akatabasamu, huku anakwangua. Lile tabasamu ndilo lililonichoma. Nikatafuta cha kusema, kichwani hakuna kitu, tumboni ndiyo kabisa. Nikasema la kitoto, kwa sababu tu nilijua kaka analipenda ziwa kana kwamba alilichimba yeye.

"Kwanza ziwa lenyewe chafu. Maji gani haya, mtu huoni hata mguu wako."

Kaka akageuka kama nimemtukania mama. "Chafu? Hili?"

"Tope tupu."

"We Mlinzi, umekuja hapa mara moja tu maisha yako yote, unataka kunifundisha ziwa? Wanangu, msimsikilize shangazi yenu. Haya maji ni maangavu kuliko ya chupa. Mnaona lile jiwe? Pale ni kina kirefu kweli kweli, lakini mimi niliiona saa inashuka, taratibu, inameremeta, mpaka ikalala juu ya mawe kule chini. Naiona kabisa! Nikipiga mbizi siifikii, lakini naiona. Sasa hilo ni tope?"

Kisu cha mama kikasimama.

Binti mkubwa, wa darasa la tano, hakuwa na nia mbaya. "Baba, si umesema iliibwa?"

Hapo ndipo kaka alipotambua amesema nini. Nilimwona akirudi nyuma kwenye maneno yake mwenyewe, anayapapasa, anatafuta mahali pa kutokea. Mimi nimemngoja mtu huyu tangu nina miaka tisa. Sikuharakisha.

"Endelea, kaka," nikamwambia. "Ikalala juu ya mawe. Ikawaje?"

"Nilimaanisha... saa nyingine."

"Ulikuwa na saa ngapi darasa la sita?" aliuliza mama. Hakupandisha sauti.

"Mama, mambo ya utoto haya."

"Nimekuuliza."

Wifi alikuwa anafungua hotpoti ya wali. Akaifunga tena, akakaa vizuri kama mtu aliyewahi siti ya mbele.

Kaka akatazama maji, akatazama milima, vyote havikumsaidia. "Niliivaa mimi," akasema. "Ilichomoka mkononi. Niliogopa baba."

Mama akanigeukia mimi, si yeye. Ana macho madogo siku hizi, lakini alinitazama muda mrefu. "Uliniambia," akasema. "Ulisimama pale unalia ukaniambia kaka kaivaa. Nikakuchapa." Mikono yake ilikuwa imejaa magamba. Alitaka kunigusa, akaona magamba, akaiacha hewani. Mimi nikaichukua hivyo hivyo na magamba yake. Nguo yangu ilinuka kuhe mpaka Mpanda.

Kisha akarudi kwa kaka. "Baba yako ameondoka anajua mwanaye ni mtu wa kulala. Huyo humpati tena. Waliobaki, umewaambia wangapi?"

"Mama..."

"Wangapi?"

"Ukoo wote, mama. Ilikuwa ya kuchekesha."

"Basi ukoo wote uisikie. Leo. Si mnalo lile kundi lenu la kwenye simu? Waambie kwa sauti yako. Ukiwaandikia mimi siwezi kusoma, nataka nikusikie ukisema."

Kaka akatoa simu, na naapa uso wake ulifunguka kidogo. "Hakuna mtandao hapa, mama. Tutafanya nyumbani."

Mama mmoja wa dagaa, ambaye alikuwa anageuza vichanja vyake na kutusikiliza bila kuficha, akanyanyua mkono akaoneshea mlima. "Mtandao upo pale juu, kwenye ule mwamba. Sisi tunapigia pale."

Mungu ambariki yule mama na dagaa zake zote.

Kaka akatazama mwamba. Akatazama tumbo lake. Akaanza kupanda. Nami nikasimama, nikafunga khanga kiunoni.

"Wewe unaenda wapi?" wifi akauliza. "Wifi, wewe? Mlimani?"

"Naenda kulinda," nikasema.

Sitawadanganya kwamba nilipanda vizuri. Nilipanda kwa mikono na miguu, nimekamata vichaka vyenye miiba, kandambili moja ikakatika nikaiacha huko huko. Lakini kila nikitaka kukaa naona mgongo wa kaka mbele yangu, shati limelowa jasho, anasimama kila hatua kumi kushika magoti, na nguvu zinarudi. Chuki ikitunzwa vizuri ni chakula, mimi niliila njia nzima mpaka mwambani.

Juu tulikuta upepo na vijiti viwili vya mtandao. Akarekodi. "Habarini ndugu zangu, kuna lile tukio la saa, nadhani kulikuwa na kutoelewana..."

"Kutoelewana kati ya nani na nani? Futa."

Akarekodi tena. "Tulipokuwa watoto tulipoteza saa ya baba..."

"Tulipoteza? Mimi na nani? Futa."

"Dada, jua kali."

"Nalijua. Siku ile pia lilikuwepo."

Mara ya nne akasema yote. Kwamba aliivaa yeye, kwamba mimi sikulala, kwamba nilisema ukweli nikachapwa kwa ukweli, na kwamba jina lile amelitunga yeye na mtu asiniite tena. Sauti ilimkwama katikati na nikamwacha, sikumwambia afute, ilikwama mahali pazuri. Akatuma. Nikachukua simu nione mwenyewe. Ujumbe uliondoka. Baba mdogo, ambaye siku hizi amehamia mjini, akasikiliza wa kwanza. Binamu watatu wakafuata. Shangazi yetu wa Kasokola, yule aliyewahi kunitambulisha kwa mchumba kwa jina la Mlinzi na mchumba asirudi, alikuwa bado.

"Haya, umeridhika?" kaka akauliza. "Tushuke, samaki watakuwa tayari."

"Shangazi hajasikiliza."

"Atasikiliza jioni!"

"Tutakuwepo."

Nikakaa kwenye mwamba. Chini ziwa lilikuwa limetandazwa bila mkunjo, na kutoka juu hata mimi niliweza kuyaona mawe chini ya maji, karibu na ukingo, moja moja. Mama alikuwa amesimama pembeni ya moto, mkono kwenye paji la uso, anatutazama. Kaka akajishusha taratibu akakaa hatua chache kutoka kwangu. Halafu, bila kunigeukia, akasema kwa sauti ya chini, "Dada, nisamehe."

Nilimsikia vizuri sana.

"Upepo, sijasikia," nikamwambia, nikamrudishia simu. "Rekodi."